Kugawa Diski Iliyosimbwa kwa Mifumo Miwili

Kipakatalishi cha wakala wa forodha wa Busia au Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, hubeba ankara, namba za mlipakodi na nakala za pasipoti za wateja, na kikiibwa, nenosiri la kuingilia halitoshi kuzilinda, kwa kuwa mwizi anaweza kuing'oa diski na kuisoma kwa kompyuta nyingine. Kinga ya kweli ni usimbaji fiche, yaani kuyageuza yaliyomo diskini kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo; na nchi zote mbili zilitunga mwaka 2019 sheria zinazomtaka anayehifadhi taarifa binafsi za watu azilinde.

Ugumu huanza pale mwenye mashine anapotaka mifumo endeshi miwili, yaani programu kuu zinazoiongoza kompyuta, kama vile Windows na Ubuntu. Diski hugawanywa katika vizigeu, sehemu ambazo kompyuta huzihesabu kama diski mbalimbali. BitLocker, kinga ya Windows, na LUKS, inayotumiwa na mifumo ya Linux kama Ubuntu, hufunga kila kizigeu kwa ufunguo wake, na ndiyo maana mifumo hiyo huweza kukaa pamoja. Kizigeu kidogo cha kuwashia mashine hubaki wazi, kwa sababu kompyuta haina budi kusoma maagizo fulani kabla ya kuuliza ufunguo.

Windows hutangulia kusakinishwa, kisha kizigeu chake hupunguzwa kwa zana yake yenyewe, na Ubuntu hupewa nafasi iliyoachwa wazi. Hapa ndipo wengi hupoteza faili zao, kwani katika programu nyingi za usakinishaji njia rahisi ya kusimba hufuta diski nzima. Tena, mpangilio wa kuwashia ukibadilika, BitLocker huweza kushuku wizi na kudai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Bila ufunguo huo faili hazirudi, hata fundi awe hodari vipi. Kwa hiyo BitLocker husimamishwa kwa muda kabla ya kazi, ufunguo huandikwa karatasini, na nakala za akiba za faili huwekwa kwenye diski ya nje.

Mwenye mashine, awe Kisoko wilayani Tororo au Busia, asimkabidhi fundi kompyuta kabla hajazishika mwenyewe karatasi hiyo na diski hiyo ya nje.