Watoto wa Mlimani Nao Wapatiwe Uwanja

Msomaji wa Unguja au Pemba, aliyezoea kuwaona watoto wakikimbia juu ya mchanga maji yakupwapo, huenda akashangaa akiambiwa kwamba wako wenzao ambao mpira ukiwaponyoka huteremka bondeni, na nusu ya mapumziko ikaishia katika kuufuata. Hiyo ndiyo hali katika vijiji vingi vya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kuanzia Kinole na Matombo upande wa mashariki hadi Mgeta upande wa magharibi, nyumba, migomba na mashamba ya mboga yameshikilia ubavu wa mlima. Mahali tambarare huko huchongwa kwa jembe.

Kwa sababu hiyo, shule ikihitaji darasa jipya, jicho huuangukia uwanja kwanza. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada, haja ya madarasa imekuwa kubwa, wala hatuwalaumu wanaoyajenga. Tunalokataa ni kuuhesabu uwanja wa watoto wadogo kuwa ardhi isiyo na kazi.

Na tuutazame mdako, mchezo unaojulikana bara na visiwani. Mtoto huchimba kishimo, hukijaza vijiwe, kisha hurusha kete juu. Kabla haijarudi mkononi huwa amekwisha kuvifagia vijiwe nje. Akirusha tena, huvirudisha vyote isipokuwa kimoja. Vikiisha, mzunguko wa pili hubakiza viwili viwili, na wa tatu vitatu vitatu. Huyu ni mtoto wa miaka mitano au sita ambaye pengine hajapata kuandika tarakimu hata moja, naye anahesabu, anatoa na kugawa mafungu. Akikosea, wenzake humsahihisha papo hapo, tena kwa kelele ambazo hakuna mwalimu angezithubutu. Vidole vinavyodaka kete ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Rede nayo ina elimu yake: aliye katikati hujaza mchanga chupani huku akikwepa mpira wa matambara, akikadiria umbali na kasi kwa kufumba na kufumbua. Ama mchezo wa baba na mama, ambao wakubwa huudharau, ndio unaomfundisha mtoto kushawishi, kusubiri zamu na kupatana baada ya ugomvi. Mtoto aliyelelewa kwa Kiluguru hukutana humo na Kiswahili bila hofu ya kuchekwa mbele ya ubao.

Serikali imekwisha kulikubali jambo hili katika maandishi. Tanzania iliuridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinautaja mchezo kuwa haki; na mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaka mtoto afundishwe kwa njia ya michezo. Visiwani nako mpango wa elimu ya awali ya madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said, uliingia mwaka 1990, na walimu wake wakafundishwa kutengeneza zana za kuchezea kwa vitu vinavyookotwa jirani. Fedha nyingi, basi, si kisingizio.

Linalotakiwa kwa maofisa wa wilaya ni kuuchora uwanja wa watoto katika ramani ya shule kabla ya jengo lolote, na kuwashirikisha wanakijiji tangu mwanzo. Wasisahau kwamba mwaka 1955 Waluguru waliwakabili watawala wa Kiingereza huko Matombo kwa sababu ya matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuyachimba. Mlima ule ule utachimbwa kwa hiari, wazazi wakijua ni kwa ajili ya nani. Pembea ya kamba, gurudumu kuukuu lililozikwa nusu na rundo la mchanga vyatosha kuanzia. Kazi ya kusawazisha yafaa ifanywe kiangazi, baina ya Juni na Septemba, na ukingo wa bonde upandwe majani kabla ya vuli, ili mvua isiuchukue uwanja pamoja na mchanga wake.