Je, Wajua? Mtoto Njiti Anayesahau Kupumua Hupewa Dawa Iliyomo Kwenye Kahawa

Je, wajua kwamba mtoto mchanga hata akiwa mzima wa afya hapumui kwa mpangilio? Mwangalie amelala: atahema harakaharaka, atulie kimya sekunde tano au hata kumi, kisha aendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama wa uzazi wa kwanza hukesha kwa ajili hiyo, lakini ni hali ya kawaida. Wasiwasi huanza kimya kikifika sekunde 20, au kikiwa kifupi zaidi ilhali mapigo ya moyo yamepungua na oksijeni ya damu imeshuka. Hiyo ndiyo madaktari huiita apnea.

Wanaoipata zaidi ni watoto njiti. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 28 ya ujauzito ni nadra sana kuikosa. Kwa waliofikia wiki ya 34, huwapata wachache, kama mmoja kati ya kumi. Tatizo liko kwenye shina la ubongo, ambalo bado halijakomaa. Tumboni mtoto hufanya mazoezi ya kupumua, ingawa oksijeni yake inatoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Ikipungua, huacha mazoezi hayo ili asiimalize bure. Njiti huzaliwa na desturi hiyohiyo: oksijeni ikishuka anahema kwa nguvu kwa dakika moja au mbili, halafu pumzi inafifia, wakati wewe na mimi tungezidi kutweta.

Usingizi nao huchangia. Njiti hulala karibu mchana kutwa na usiku kucha, na sehemu kubwa ni ule usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope. Humo ndimo pumzi huvurugika zaidi. Mara nyingine koo lenyewe huziba kwa sababu tu kidevu kimeangukia kifuani, ndiyo maana utaona kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega ya mtoto.

Je, wajua nesi mzoefu hufanya nini kengele ya mashine inapolia? Humtazama mtoto kwanza: midomo ina rangi gani, kifua kinapanda? Kisha humsugua unyayo au mgongo kwa kidole, na mara nyingi hilo hutosha. Linaloitisha timu nzima ni mtoto aliyetulia siku kadhaa akaanza ghafla kukata pumzi, maana huenda ana maambukizi kwenye damu, sukari imeshuka, au amepata baridi.

Sasa kahawa. Kafeini huuchochea ubongo usiache kuamrisha pumzi, na imetumika kwa njiti tangu miaka ya 1970. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Barbara Schmidt wa Kanada ulihusisha watoto 2,006 wenye uzito wa gramu 500 hadi 1,250, na kwa sadfa ya kuchekesha matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2006. Ugonjwa sugu wa mapafu uliwapata asilimia 36 ya waliopewa kafeini, dhidi ya asilimia 47 ya wasiopewa. Walipofikisha miezi 18, hata mtindio wa ubongo ulikuwa umepungua. Dozi ya kwanza si ndogo: kwa uwiano wa uzito, mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa vikombe saba hivi vya kahawa kwa mkupuo. Tena mwili wa mtu mzima huondoa nusu ya kafeini kwa saa tano hivi, ila wa njiti huchukua takriban saa 100. (Bibi asije akachovya kidole kwenye buli, dozi hiyo hupimwa na daktari.)

Mahali ambapo kafeini ni adimu hutumika aminofilini, dawa ya zamani zaidi inayoweza kuupeleka moyo mbio. Ajabu ni kwamba mwili wa mtoto mchanga hubadilisha sehemu ya dawa hiyo kuwa kafeini.

Na kifua cha mama je? Malezi ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, yalianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28, dhidi ya karibu 16 kwa waliosubirishwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana.

Wengi huacha kukata pumzi wakikaribia wiki ya 37, tukihesabu tangu hedhi ya mwisho ya mama. Hospitali nyingi husubiri siku tano hadi saba bila tukio ndipo zimruhusu mtoto. Wodini huenda alilazwa kifudifudi, kwa kuwa mashine ilikuwa ikimlinda. Nyumbani analazwa chali.