Dhamana ya maisha ya gari: maisha ya nani?

Baadhi ya wauzaji wa magari nchini Marekani humwahidi mnunuzi dhamana ya maisha kwa injini, giaboksi na ekseli. Breki, betri na matairi kwa kawaida havimo.

Linalohitaji kusomwa kwa makini ni hilo neno maisha. Kampuni ya Chrysler ilipoanzisha dhamana hiyo mwaka 2007, ilimhusu mnunuzi wa kwanza pekee. Gari likiuzwa, dhamana ilikoma. Aidha, lilipaswa kukaguliwa na wakala wake kila baada ya miaka 5. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2009.

Dhamana itolewayo na muuzaji mwenyewe, wala si kiwanda, aghalabu hudai risiti za kubadilisha oili kwa wakati. Zikikosekana, huenda mwenye gari akajilipia injini mpya.