Meza ya jikoni kule Australia, jiwe la Kilembwe: vumbi ni moja

Watu wa Kilembwe wenye ndugu ng'ambo wanazijua picha hizo. Simu inalia, WhatsApp inafunguka, na dada aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kupelekwa Australia ao Marekani, anaonyesha jiko lake jipya, ao jiko la watu anakofanya kazi ya usafi. Nyuma yake kuna meza ndefu ya jiwe, ya kijivu, isiyong'aa.

Jiwe hilo halikukatwa mlimani. Linatengenezwa kiwandani kwa kwatsi, lile jiwe jeupe na gumu ambalo wachimbaji wetu wanalifuata chini ya ardhi kwa sababu mara nyingi ndilo linabeba dhahabu. Kwatsi inasagwa, inachanganywa na gundi ya plastiki na rangi, inabanwa kwa nguvu na kupashwa moto mpaka inakuwa ubao. Katika aina nyingi za ubao huo kwatsi inafika karibu sehemu 90 kwa 100.

Kulitunza si kazi ngumu, lakini lina hasira zake. Jiwe linalong'aa linaficha alama za vidole. Hili lisilong'aa linazionyesha zote, na mafuta ya mawese ndiyo adui wake wa kwanza. Mawese hayaingii ndani ya jiwe, yanalala juu kama ngozi nyembamba, na mtu akipangusa kwa kitambaa kikavu anayatandaza tu. Dawa yake ni maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, mara mbili kama inafaa, halafu maji safi. Mwisho likaushwe kwa kitambaa kingine. Wengi wanaruka hatua hiyo ya mwisho, kisha wanalalamika kwamba jiwe limebaki na mawingu.

Sufuria iliyotoka motoni isiwekwe juu yake, maana jiwe linavumilia moto lakini gundi haivumilii: inabadilika rangi ao kupasuka. Javel kali isiachwe ilale pale, wala dawa ya kusafishia oveni. Na waya wa kusugulia sufuria, ule tunaoupenda sana kwetu, ukae mbali. Ukisugua jiwe lisilong'aa kwa nguvu, pale uliposugua panaanza kung'aa, na doa hilo haliondoki kwa sabuni.

Hapo ndipo hatari inaingia. Ili doa hilo liondoke, ao ili ubao ukatwe upya, mtu analeta mashine ya kusaga. Mashine inatoa vumbi la kwatsi, laini kiasi kwamba macho hayalioni, na vumbi hilo linafika mpaka chini kabisa ya mapafu. Linaacha makovu. Ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Vijana waliokuwa wanakata meza hizi wameugua Australia, Hispania, Israeli na California, wengine wakiwa bado hawajafika miaka 40. Australia ilikataza kutengeneza, kuuza na kufunga mawe hayo tangu tarehe 1 Julai 2024. Kwa maoni yetu ilichelewa. Meza zilizokwisha kufungwa hazikuguswa na katazo hilo, kwa sababu jiwe likitulia halimdhuru anayelipangusa. Basi ndugu anayefanya usafi asiogope kitambaa na maji. Akiambiwa asage, akate ao atoboe jiwe, akatae.

Sasa turudi nyumbani. Lulenge na Ngandja hawana meza hizo, lakini kwatsi ni ileile. Kule Kamituga wanawake wanaotwanga mawe ya dhahabu wamepewa jina lao, mama twangaises. Wanatwanga kwa kinu cha chuma, na jiwe likiwa kavu vumbi linawapanda usoni mpaka nyusi zinakuwa nyeupe. Mtoto yuko mgongoni. Kampuni ya Australia inapigwa amende ikisaga jiwe bila maji, huku kwetu mama anatwanga kavu siku nzima na hakuna anayemuuliza.

Kitu cha kwanza ni maji. Jiwe likiloweshwa kabla ya kutwangwa, na kunyunyiziwa tena katikati ya kazi, vumbi linapungua sana. Tunajua maji yanabebwa kichwani kutoka mtoni, na unga uliolowa hauchekechwi vizuri. Hata hivyo afadhali kopo moja kuliko hakuna. Kitenge kilichofungwa puani hakizuii vumbi lile laini. Watwangaji wakae upande upepo unakotoka, watoto wawe mbali, na kazi isifanyike ndani ya nyumba wala karibu na chakula. Nguo za kazi zisikung'utwe jikoni, zifuliwe na maji. Meza ya saruji ao ya mbao inayowekwa sombe na samaki isifagiliwe kavu, ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Vumbi hilo pia linafungulia mlango kifua kikuu: mwenye silikosisi anakipata kwa urahisi kuliko watu wengine. Kwa hiyo anayetwanga mawe na kukohoa zaidi ya wiki mbili aende kupimwa makohozi. Asimwambie muuguzi kwamba anakohoa tu. Aseme pia kazi anayofanya, na ni miaka mingapi.