Hisabu ya Mchana na Usiku

Mtu akiulizwa kwa juma moja hufanya kazi saa ngapi, aghalabu hatoi hisabu bali hutetea heshima yake: ajionaye mchapakazi huongeza, na mama wa nyumbani, ambaye mikono yake haikutua tangu alfajiri, hujibu kwamba hana kazi. Kwa ajili ya udhaifu huo, Idara ya Takwimu ya Kanada, katika uchunguzi wa matumizi ya wakati ulioanza mwaka 1986 na kurudiwa mara kadha hata 2022, haitosheki kumwuliza mkazi wa Toronto desturi yake. Humtaka asimulie siku moja tu, aliyopangiwa, tangu saa kumi za alfajiri hadi saa kumi za alfajiri ya pili, kila jambo kwa zamu yake, lilianza lini na likaisha lini, naye alikuwa wapi na pamoja na nani, hata dakika zote 1,440 ziwe zimetolewa maelezo.

Katika nyumba huteuliwa mtu mmoja, mwenye umri wa miaka 15 au zaidi, na siku za juma na majira ya mwaka hugawanywa baina ya wateule, ili Jumapili ya theluji na Jumanne ya kiangazi zote zipate mashahidi. Siku moja haimwelezi mtu, kwani yamkini siku hiyo alilala na homa au alikuwa harusini. Lakini siku za maelfu ya watu zikikusanywa pamoja, homa na harusi huchukua kadiri yake ya haki, na wastani wa taifa ukadhihiri.

Taabu kubwa zaidi ni kwamba binadamu hafanyi jambo moja moja. Mama apikaye wali huku sikio lake li kwa mtoto chumba cha pili, akiandikiwa mapishi peke yake, malezi yamepotea. Ndiyo maana mwaka 2015 wahojiwa waliulizwa pia ni jambo gani jingine walilofanya wakati ule ule.

Saa kumi za alfajiri zilichaguliwa kwa kuwa wengi wamelala, tofauti na saa sita za usiku, ambazo zingewakuta baadhi yao wangali macho, katikati ya shughuli. Hoja ni njema, ila haimfai kila mtu: mwuguzi wa zamu ya usiku hukatwa katikati ya kazi, na Mwislamu wa Scarborough, huko huko Toronto, Ramadhani ya mwaka huo huo wa 2015 ilipoangukia Juni na Julai, saa hiyo ilimkuta macho, ametoka kula daku.

Afrika Mashariki hisabu hii si ngeni. Tanzania iliitia ndani ya uchunguzi wa nguvukazi wa mwaka 2006, tena ikaanzia watoto wa miaka 5, maadamu kule mtoto huteka maji na kuokota kuni. Kenya ilifanya yake ya kwanza mwaka 2021.

Nikirudi Toronto, upungufu wa uchunguzi wa Kanada nauona katika lugha, kwani maswali huulizwa kwa Kiingereza na Kifaransa tu. Bibi aliyeitwa kutoka Mombasa kuwalea wajukuu, binti yake apate kwenda kazini, na ambaye Kiswahili ndicho lugha yake pekee, lau kura ingemwangukia, angeingizwa katika idadi ya wasiojibu.