Govi Lisikatwe Kwanza

Takriban mtoto mmoja wa kiume kati ya 200 hadi 300 huzaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya nchani: karibu na kichwa, katikati ya shina, au hata kwenye pumbu. Hiyo ndiyo haipospadia. Mara nyingi uume huwa umepinda, na govi hufunika upande wa juu tu. Kwa macho ya haraka mtoto huonekana kama aliyetahiriwa nusu, na hapo ndipo balaa linapoanzia: anapelekwa kumaliziwa.

Govi hilo ndilo akiba ya daktari wa upasuaji. Ngozi yake, pamoja na utando laini wenye mishipa ya damu ulio chini yake, hutumika kutengeneza au kufunika mrija mpya wa mkojo. Likishatupwa, kazi huwa ngumu.

Upasuaji hufanywa kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18. Mbinu inayotumika sana ni ile aliyoichapisha Warren Snodgrass wa Marekani mwaka 1994. Utepe wa tishu ambao ungekuwa mrija huchanwa katikati kwa urefu ili upanuke, kisha hukunjwa kuzunguka mpira mwembamba na kushonwa. Tundu likiwa mbali sana na uume ukiwa umepinda mno, ni busara kugawa kazi katika awamu mbili, zikipishana miezi sita hivi.

Tatizo linalotusumbua zaidi baada ya upasuaji ni fistula, yaani mkojo kuvuja kwenye tundu lisilotakiwa. Hutokea kwa urahisi pale mshono wa mrija na mshono wa ngozi vinapolaliana bila kitu katikati, au damu isipofika vizuri kwenye tishu. Ndiyo maana ule utando wa govi hutandazwa katikati kama tabaka la ulinzi, na daktari huvaa miwani ya kukuza akishona kwa uzi mwembamba sana. Sindano za homoni za kukuza uume kabla ya upasuaji bado zina ubishi. Mimi siafiki kila mtoto adungwe.

Nyumbani baada ya upasuaji, ule mpira mwembamba hukaa takriban wiki moja. Nepi mbili husaidia: ya ndani hutobolewa, mpira ukapitishwa na kumwagia mkojo kwenye ya nje, kidonda kikabaki kikavu. Kumbeba mgongoni kwa kanga, miguu ikiwa imetanuliwa, kusubiri mpaka daktari aruhusu.

Mkojo ukivuja, msikimbilie kisu. Kwanza achunguzwe kama mrija umebana mbele ya tundu hilo, kwani kuziba bila kuondoa mbano ni kazi bure. Marekebisho husubiri miezi sita, uvimbe uishe na kovu lilainike.

Wazazi, kabla ya tohara kagueni tundu la mkojo. Likiwa si mahali pake, ahirisheni tohara, mumwone daktari wa upasuaji wa watoto au wa mfumo wa mkojo anayeifanya kazi hii mara kwa mara.