Laini moja ikifa, biashara yako inabaki na nini? Chora ramani yake leo

Leo siongelei picha nzuri za bidhaa wala namna ya kupata followers. Leo tuongee kitu ambacho wengi hatukifanyi mpaka siku tukiumia: kuandika biashara yako inaendeshwa na nini.

Naanza na langu. Nauza viazi mviringo kutoka Ipelele, huku kwetu Makete. Wateja wangu wengi ni wakaanga chipsi wa Dar. Naweka picha za mzigo status, mteja anaagiza WhatsApp, analipa nusu, viazi vinashuka na gari kupitia Njombe mjini hadi Makambako, pale tunapokutana na barabara kuu ya Mbeya kwenda Dar. Makambako mzigo unahamia kwenye fuso. Kazi nzuri, haina duka, haina kodi ya fremu. Duka ni simu.

Sasa siku moja stendi ya Makambako, mvua inanyesha, watu wanasukumana, nikashtuka simu haipo mfukoni. Nikasema sawa, simu inanunuliwa, nita-renew laini jioni. Kumbe laini ile haikuwa yangu. Unakumbuka ule usajili wa alama za vidole ulioanza 1 Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa? Kipindi kile sikuwa na namba ya NIDA, binamu yangu akanisajilia kwa kidole chake. Maisha yakaendelea, nikasahau kabisa. Na siku naihitaji laini, mwenye kidole yuko machimboni Chunya, simu yake haipatikani.

Siku tisa, ndugu zangu. Gunia arobaini ziko njiani. Namba ya dereva iko kwenye simu iliyoibiwa. Namba za wateja ziko humo humo. Watu wameshalipa nusu na wanatuma meseji, mimi sioni. Na mtandaoni unajua ilivyo: ukikaa kimya na hela ya mtu, wewe ni tapeli. Siku ya nne picha yangu ilikuwa kwenye kundi la wafanyabiashara wa chipsi, chini imeandikwa "mjihadhari na huyu". Viazi vilifika, hela haikupotea, lakini ile picha mpaka leo kuna watu wanaikumbuka kuliko viazi vyangu.

Kosa langu halikuwa kuibiwa simu. Kuibiwa ni ajali. Kosa langu ni kwamba sikuwa nimewahi kukaa chini nijiulize: biashara yangu imesimama juu ya nini?

MAKAMPUNI MAKUBWA WANAFANYAJE?

Benki, kampuni za simu na wizara zina mifumo mingi mno. Mtu mmoja hawezi kuikumbuka yote kichwani. Ndiyo maana wana kazi inayoitwa usanifu wa mifumo ya taasisi. Mmarekani John Zachman aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1987 kwenye jarida la kampuni ya IBM, na tangu hapo limekua likawa taaluma kamili. Hapa kwetu Mamlaka ya Serikali Mtandao, yaani e-GA, imetoa miongozo ya usanifu wa mifumo kwa taasisi za umma.

Wanatumia programu maalum kama LeanIX au Archi. Humo ndani hawaanzi na orodha ya kompyuta na app. Wanaanza na swali hili: taasisi yetu inapaswa kuweza kufanya nini? Kupokea malipo. Kujibu wateja. Kutunza kumbukumbu. Kila kimoja kati ya hivyo wanakiita uwezo. Halafu chini ya kila uwezo wanaandika mfumo gani unaufanya, nani anausimamia, unategemea nini kingine, na kama una umri mkubwa ubadilishwe lini.

Kwa nini waanze na uwezo na siyo app? Kwa sababu app hubadilika, uwezo unabaki. Mwishoni mwa 2024 Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Jina limebadilika, lakini wewe bado unatakiwa uweze kupokea pesa. Mfano mwingine ni kontroli namba. Serikali ilipoangalia ikaona kila taasisi inahitaji uwezo ule ule wa kukusanya malipo. Badala ya kila mmoja kuhangaika na njia yake, kuanzia 2017 likaja lango moja la malipo, GePG. Leo ukilipa faini au ada ya serikali, unapewa kontroli namba. Hayo ni matunda ya kuangalia uwezo kwanza, chombo baadaye.

Sasa wewe huhitaji programu ya gharama. Unahitaji daftari la kaunta, kalamu na saa moja ya jioni.

HATUA YA 1: ANDIKA BIASHARA YAKO INAPASWA KUWEZA NINI

Usiandike "WhatsApp, Instagram, M-Pesa". Andika kazi. Za kwangu zilitoka saba:

1. Kuonekana na wateja
2. Kupokea oda na kujibu maswali
3. Kupokea pesa
4. Kununua mzigo shambani na kujua bei ya siku
5. Kusafirisha na kufuatilia mzigo
6. Kukumbuka nani ananidai, nani namdai
7. Mambo ya serikali: TIN, leseni, kodi

Wewe wa nguo za mtumba au vipodozi unaweza kuwa na sita au tisa. Zikizidi kumi umeanza kuchambua mno. Unganisha.

HATUA YA 2: CHINI YA KILA KAZI JIBU MASWALI MATANO

Natumia nini? Kinategemea nini? Kiko kwa jina la nani? Nani mwingine anaweza kukishika nikiumwa? Kikifa leo, nafanyaje?

Mfano kutoka daftari langu la sasa:

KUPOKEA PESA
Natumia: lipa namba na akaunti ya benki
Inategemea: laini ya biashara (lipa namba), kadi na tawi (benki)
Jina la nani: langu, kwa NIDA yangu
Mwingine: mdogo wangu anaona meseji za malipo, PIN hana
Ikifa leo: nawatumia wateja namba ya akaunti ya benki kwa SMS, kutoka kitochi
Nimekagua mara ya mwisho: Jumapili ya kwanza ya mwezi huu

Ni mistari sita tu. Swali la jina ndilo lililoniumiza mimi, kwa hiyo usiliruke. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini ya biashara isipokuwemo, huna laini, umeazimwa. Kaa na aliyekusajilia mkiwa bado mnaelewana, muende wote dukani kwa mtandao husika muulize utaratibu wa kuihamisha. Na ukiona namba usiyoijua iko kwa jina lako, iripoti.

HATUA YA 3: CHORA MISHALE

Hapa ndipo utamu wa ramani ulipo. Chukua ukurasa mpya. Kushoto andika zile kazi zako. Kulia andika vitu vinavyotegemewa: laini, simu, email, bando, mtu fulani. Halafu vuta mshale kutoka kila kazi kwenda kinachoibeba.

Nilipochora ya kwangu nilikaa kimya. Mishale mitano kati ya saba ilienda kwenye laini moja, ile ya binamu. Kwenye orodha ya app nilikuwa najiona nina vitu vingi: WhatsApp, Instagram, Facebook, pesa mtandaoni. Kwenye mishale nikaona nina kitu kimoja tu, tena cha mtu.

Ukichora utaona na mambo mengine yaliyojificha. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima pamoja kama masaa sita. Aliyekuwa anasema "Instagram ikisumbua nina WhatsApp" aligundua zote tatu ni za kampuni moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, intaneti ikasumbua Afrika Mashariki. Siku kama hiyo hata ukiwa na app kumi, zote zimesimama juu ya kitu kimoja. Mwenye namba za wateja kwenye karatasi anapiga simu ya kawaida na maisha yanaendelea.

Sheria ni nyepesi: kitu chochote kinachobeba mishale mitatu au zaidi, kitafutie mbadala kabla ya mwezi kuisha.

HATUA YA 4: ZIBA MATUNDU YANAYOZIBIKA BURE

Haya hayahitaji mtaji:

• WhatsApp: washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu sita na email. Washa kuhifadhi nakala za chat.
• Fungua "vifaa vilivyounganishwa" uone nani bado anasoma meseji zako. Yule kijana aliyekusaidia mwaka jana akaondoka, simu yake inaweza kuwa bado imo. Mtoe.
• Ukurasa wa Facebook: usiwe na msimamizi mmoja. Ongeza mtu mmoja unayemuamini kweli.
• Email: wengi tulifunguliwa na fundi simu wakati tunanunua simu, hata neno la siri hatulijui. Email hiyo ndiyo ufunguo wa kurudisha kila kitu kingine. Fungua yako mwenyewe leo.
• Namba za wateja ishirini wakubwa, dereva na wakala wa Makambako: ziandike kwenye karatasi, iache nyumbani.

HATUA YA 5: USIANDIKE SIRI KWENYE RAMANI

Ramani inasema ufunguo uko wapi, siyo ufunguo wenyewe. PIN ya pesa haiandikwi popote, hata mwenza wako haihitaji ili aione ramani. Na ile orodha ya wateja, majina na namba zao, si mali ya kugawa kwenye makundi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Mteja amekupa namba umletee mzigo, hakukupa uisambaze.

Ukiona kuna anayejifanya wewe na kuomba hela kwa wateja wako, namba yake itume kwenda 15040, halafu wataarifu wateja mara moja. Hapo ndipo utashukuru kuwa na ile karatasi.

HATUA YA 6: RAMANI ISIYOKAGULIWA NI PICHA YA ZAMANI

Hata makampuni makubwa yanakwama hapa. Wananunua programu nzuri, wanajaza kila kitu mwezi wa kwanza, halafu hakuna anayerudi. Baada ya mwaka ramani inaonyesha mfumo uliokufa na msimamizi aliyehama kazi. Ramani ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana utaiamini.

Kwa hiyo andika kidogo, kagua mara nyingi. Mimi nakagua Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, dakika kumi na tano, chai pembeni, maana baridi ya huku mnaijua. Pia nakagua papo hapo mambo matatu yakitokea: nimebadili simu au laini, msaidizi ameingia au ametoka, nimeanza njia mpya ya kuuza.

Na fanya jaribio. Siku moja isiyo na oda nyingi, zima simu ya biashara masaa matatu. Mwambie mdogo wako au mwenza wako aendeshe kwa kutumia daftari peke yake. Pale atakapokwama ndipo ramani yako ina tundu. Wa kwangu alikwama kwenye "dereva ni yupi kati ya hawa wawili". Nikaongeza neno moja, tukamaliza.

Biashara ikikua, hamishia daftari kwenye Google Sheets: safu moja kwa kila kazi, nguzo moja kwa kila swali, na nakala kwa mtu wako wa karibu. Ukifika mahali una wafanyakazi kumi na mifumo yako mwenyewe, hapo ndiyo ufikirie programu za wakubwa. Utakuwa tayari una cha kujaza, na wengi hawana.

Niseme jambo la mwisho. Binamu alipotoka Chunya tulienda naye dukani, laini ikarudi, meseji zikaingia kwa mkupuo. Nyingi zilikuwa za hasira. Moja ilitoka kwa mama mmoja wa Sinza: "Mwanangu uko salama? Nipigie ukipata nafasi." Huyo ndiye mteja wangu mpaka leo. Lakini biashara huwezi kuijenga kwa kutegemea kila mteja awe na moyo wa yule mama.

Jioni ya leo, kabla hujapost kitu kingine, piga *106#. Halafu fungua daftari uandike kazi ya kwanza. Na mtumie ujumbe huu muuzaji mwenzako mmoja ambaye unajua laini yake ni ya kuazima. Yupo, unamjua.